Toleo Lililozinduliwa Butiama

Gaudensia Werema alikuwa na ulimi mkali, na kwa muda mrefu ulimi huo haukumletea hasara, kwa sababu kazi yake hakuna mwingine aliyeitaka.

Yeye na mwenzake Shija walitunga programu iitwayo Foleni tangu wakiwa chuoni. Ilikuwa programu ya zahanati. Mgonjwa akifika anaandikishwa, anapewa namba, na kioo cha ukutani kinaonyesha nani anafuata. Mtoto mwenye joto kali au mjamzito anayevuja damu, programu ilimpandisha juu yenyewe. Waliiachia bure, msimbo wake wazi kwa yeyote anayetaka kuutumia au kuurekebisha, na kwa namna ambayo hata wao hawakuielewa vizuri, ikasambaa. Ilianza Musoma, ikaenda Bunda, kisha siku moja mtu wa Nepali akawaandikia kulalamika kwamba herufi za kwao zinakatwa miguu.

Wafadhili walipojitokeza, chama kikasajiliwa, ofisi ikapangwa Iringo, hapo Musoma mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na chama kikapata mratibu mkuu. Huyo alikuwa Revocatus Burito, mtu mzuri wa sura, mwenye sauti ya kusoma somo kanisani, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa Foleni. Hilo si kosa. Vyama vingi vinaendeshwa na watu wa namna hiyo na vinakwenda. Shida ya Revocatus ilikuwa mikutano. Kila mkutano aliohudhuria alirudi na neno jipya, na neno hilo ilibidi mtu mwingine alifanyie kazi.

Kazi ya Gaudensia ilikuwa kufunga kontena. Toleo jipya la Foleni lilipokamilika, alilifunga pamoja na kila kitu linachohitaji, likawa furushi moja ambalo zahanati ingelivuta kutoka kwenye ghala la mtandaoni na kuliwasha bila kuhangaika kusakinisha hiki na kile. Ni kazi isiyo na sherehe. Alikagua kama kuna tundu la usalama lililogunduliwa kwenye vipande vya ndani, akaziba, akafunga upya. Alifunga kwa aina zote mbili za prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa sababu kilichofungwa kwa ajili ya moja hakiwaki kwenye nyingine. Akaweka sahihi ya kuonyesha kwamba halijachezewa, kisha akalisukuma ghalani likiwa na lebo ya toleo jipya. Lebo hiyo ndiyo zahanati nyingi zilikuwa zimepangwa kuifuata. Likitoka toleo, mashine zao zinalivuta zenyewe kabla ya kazi kuanza, na wauguzi wakifika wanalikuta.

Akikosea, watu walimwandikia kutoka nchi ambazo hakuzijua. Asipokosea, hakuna aliyeandika. Alikuwa amezoea hivyo, na kwa siri alijivunia.

Mwaka huo Revocatus alirudi kutoka mkutano wa Kigali akiwa na swali. Aliliuliza kwenye kikao cha Jumatatu mbele ya wafanyakazi wote: Gaudensia akigongwa na basi, nani atasukuma kontena? Gaudensia akajibu kwamba yeye binafsi angependa kwanza waende msibani. Watu wakacheka mpaka mhasibu akamwaga chai. Revocatus hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba taasisi haiwezi kumtegemea mtu mmoja, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kwa hiyo nywila ya ghala na ufunguo wa sahihi vihamie kwake, jambo ambalo maana yake ni kwamba taasisi sasa ingemtegemea mtu mmoja mwingine.

Sababu yenyewe ilijulikana kabla ya wiki kwisha. Toleo jipya lilikuwa karibu kukamilika na mratibu alitaka kulizindua. Kulitoa tu, kama matoleo mengine yote yalivyotolewa, hakukutosha. Lizinduliwe, na lizinduliwe Butiama, kwa sababu jambo likisemewa Butiama, alisema, linapata uzito wa historia. Kutakuwa na mgeni rasmi, kwaya na skrini kubwa, na yeye mwenyewe ndiye atakayebonyeza.

Gaudensia alimfuata mlangoni pa ofisi yake akamwambia asifungie kontena kwenye laptop yake. Laptop ya Revocatus ilikuwa mpya, nyembamba kama sahani, na prosesa yake ilikuwa ya aina ambayo zahanati karibu zote hazina. Revocatus akamjibu asiwe na wasiwasi, maelekezo aliyoyaandika yeye Gaudensia yako wazi sana na atayafuata neno kwa neno. Akaongeza, akitabasamu, kwamba wakati mwingine wataalamu wanafanya mambo yaonekane magumu ili wasije wakaachwa.

Neno hilo lilimchoma. Alirudi mezani kwake, na tangu hapo hakumwonya tena.

Siku ya mazoezi, ukumbini Butiama, alikaa kiti cha nyuma ya Revocatus akamwangalia anavyojiandaa. Ili asihangaike kutafuta mafaili mbele ya watu, mratibu alikuwa ameyatoa kwenye folda ya mradi na kuyamwaga kwenye uso wa kompyuta yake, katikati ya kila kitu alichonacho duniani: picha za harusi za wadogo zake, nyimbo, video, hotuba. Gaudensia alielewa papo hapo. Maelekezo ya kufunga yalisema beba kila kilichomo humu. Kwenye folda ya mradi kulikuwa na kifaili kidogo kinachotaja vitu vya kuachwa, lakini faili hilo ni la aina isiyoonekana kwa macho ya kawaida, na Revocatus hakuwa amelihamisha. Kontena lingebeba mradi pamoja na maisha ya Revocatus.

Ilitosha kumgusa bega. Gaudensia alitazama lile bega, koti lake limepigwa pasi vizuri sana, akakumbuka habari ya wataalamu wanaoogopa kuachwa. Akainuka akaenda kutafuta soda.

Sherehe ilifana. Mgeni rasmi alimtuma mwakilishi, mwakilishi akapata dharura akamtuma msaidizi wake, na msaidizi akasoma hotuba iliyoandikwa na mtu wa nne. Alikipongeza chama kwa kufanikiwa kuleta kontena Butiama, akaahidi kufuatilia ukarabati wa barabara ili lipite salama kuelekea zahanati za vijijini. Watu wakapiga makofi. Revocatus hakumsahihisha, kwa sababu katika hotuba hiyo jina lake lilikuwa limetajwa kila baada ya aya, na kwa usahihi.

Kisha akabonyeza.

Kwenye skrini kubwa ilijitokeza mistari inayojaa taratibu, mmoja kwa kila kipande cha furushi. Kila mstari ulipojaa ukumbi ulishangilia. Mstari wa mwisho ukakwama. Kwa kawaida kontena la Foleni lilikuwa linafika ghalani kabla mtu hajamaliza chupa ya soda. Hili lilisogea kama mkokoteni matopeni. Mshereheshaji akaomba kwaya irudie wimbo. Akina mama wakarudia, wakaimba vyote walivyokuwa navyo, na vilipokwisha wakaanza nyimbo za Kwaresima, ingawa haikuwa Kwaresima. Mwisho watu wakaambiwa waende kula.

Gaudensia aliona tarakimu za ukubwa pembeni ya mstari. Foleni isingefika ukubwa ule hata kama ingefungwa pamoja na zahanati yenyewe na wagonjwa wake. Hata wakati huo kazi ingeweza kusimamishwa. Alikuwa na sahani ya sato wa kukaanga mapajani, akaendelea kutoa miiba. Alijiambia kwamba kesho mratibu atapata aibu kidogo, atarudisha nywila, na mambo yatarudi mahali pake. Mstari ulipojaa, alipiga makofi pamoja na wengine.

Asubuhi iliyofuata alipofika ofisini akitokea kwake Nyasho, alimkuta Shija ameinamia kompyuta, mabega yanatikisika. Mtu wa Peru alikuwa ameandika, kwa adabu sana, akiuliza kama ile video ni sehemu ya toleo au ameipata kwa makosa. Alikuwa amelifungua furushi ili ajue kwa nini ni zito vile. Shija naye alilifungua, akacheza video.

Ilimwonyesha Revocatus chumbani kwake, amejirekodi mwenyewe. Juu amevaa koti na tai, chini amevaa bukta. Alikuwa akifanya mazoezi ya kupokea tuzo ya bara zima, tuzo ambayo hakuna aliyekuwa amempa. Aliwashukuru vijana wake, ambao alisema aliwafundisha kuandika msimbo kwa mkono wake. Alipofika kwa marehemu baba yake, sauti ilikatika, akafuta chozi. Kisha akaangalia kamera, hakuridhika, akarudi nyuma, akaanza tena kulia, safari hii akigeuza upande wa uso unaopata mwanga.

Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini. Waliirudia ile sehemu ya chozi. Shija alikuwa anasema tayari imefika kwenye makundi ya watu wa kompyuta Nairobi, na kwamba kuna aliyeiwekea muziki, ndipo simu ya Gaudensia ikaita.

Alikuwa Selestina Matiko, muuguzi wa zahanati moja kule Guta, upande wa Bunda. Selestina alikuwa mtumiaji wao wa zamani kabisa, na hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo.

Alisema kioo hakijawaka. Mashine imelivuta toleo jipya, limekula bando lote la mwezi, na bado haliwaki. Amegawa namba kwenye vipande vya boksi, watu wamesukumana, wenye nguvu wakakaa mbele. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa taarifa.

"Kuna mtoto ameshikwa degedege kwenye benchi la mwisho," alisema. "Mama yake alikuwa amekaa tu, anasubiri namba iitwe. Nimemwona kwa sababu nilikuwa napita kufuata maji."

Gaudensia aliuliza mtoto yuko wapi. Selestina alisema amempa dawa, degedege imetulia, gari limempeleka hospitali Bunda. Akauliza kama toleo litarekebishwa leo au aendelee kukata maboksi.

Alipokata simu, Shija bado alikuwa na kicheko usoni, hajui cha kukifanya. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu: kuirudisha lebo ya toleo jipya kwenye kontena la zamani lililokuwa zima, ili mashine zote ziliache hili la Butiama. Lakini nywila hawakuwa nayo.

Gaudensia aliingia kwa Revocatus bila kugonga. Mratibu alikuwa anajibu salamu za pongezi, na simu yake ya pili ilikuwa imezimwa ili ipumzike, kwa hiyo habari za Peru hazijamfikia. Gaudensia alimweleza kwamba kontena haliwaki popote, kwamba limefungwa kwa prosesa isiyo sahihi, kwamba lirudishwe nyuma sasa hivi.

Revocatus aliweka kalamu chini. Alisema anaelewa, changamoto za awali ni za kawaida, zitaandikwa kwenye taarifa. Lakini kurudisha nyuma hapana.

"Dada Gaude, kitu kimeshazinduliwa," alisema. "Nimetuma picha kwa wafadhili. Niwaambie nini, kwamba tumekizindua jana leo tumekiondoa?"

Akamweleza habari ya mtoto wa Guta. Alimweleza yote, benchi la mwisho, mama aliyesubiri, gari la Bunda. Revocatus alisikitika, na alisikitika kweli, kwa sauti ile ya somo la kanisani. Aliuliza jina la mtoto ili amwombee. Kisha akasema zahanati zina wajibu wa kuwa na mpango mbadala, na kwamba kesho ataitisha kikao.

Ndipo Gaudensia akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza, akacheza video.

Revocatus aliitazama hadi kwenye bukta, akanyoosha mkono akaizima. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hii imetoka wapi?"

"Iko ndani ya kontena. Kila anayelivuta anaipata."

Aliuliza kama likirudishwa nyuma itafutika. Gaudensia alisema waliokwisha kulivuta wanayo, ila wengine hawataipata tena, na kila dakika wanaongezeka. Revocatus aliandika nywila kwenye karatasi haraka hivi kwamba akakosea, akakata, akaandika upya. Ufunguo wa sahihi alimtumia wakiwa bado wamekaa pale. Mtoto mwenye degedege hakuwa ameweza kuitoa nywila ile. Bukta ilikuwa imeitoa.

Gaudensia alikuwa ameshafika mlangoni Revocatus alipomwita.

"Jana ulikuwepo," alisema. "Na siku ya mazoezi ulikaa nyuma yangu. Ulikuwa hujaona?"

Angeweza kusema hakuona. Revocatus asingejua tofauti. "Niliona," alisema, akatoka.

Kazi yenyewe ilimchukua muda mfupi kuliko maneno yaliyoitangulia. Alirudisha lebo, akaliondoa kontena la Butiama ghalani, akaandika tangazo kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba toleo lina kasoro na liondolewe kila mahali. Chini palikuwa na nafasi ya kueleza sababu. Aliandika "makosa ya kibinadamu", akaona yametosha kwa wa Nepali na Peru.

Kwa Guta hayakutosha. Bando la kule lilikuwa limekwisha, kwa hiyo hata kontena zima lisingeweza kuvutwa. Alilinakili kwenye flashi, akapanda gari la Bunda, akashuka, akachukua bodaboda mpaka zahanatini. Njiani alitunga namna tatu za kueleza, na zote zilianza na Revocatus.

Alimkuta Selestina anafunga kidonda mguuni pa mzee mmoja. Benchi zilikuwa zimejaa, watu wengine wamekaa kwenye ngazi, kila mtu ameshika kipande chake cha boksi kama kadi ya kupigia kura. Gaudensia alienda moja kwa moja kwenye mashine, akaingiza flashi, akalipakia kontena la zamani. Mashine ikaanza kusoma polepole. Alipogeuka, Selestina alikuwa amesimama nyuma yake ananawa mikono.

Muuguzi alimpa habari za Bunda kwanza: mtoto ameamka, amenyonya. Gaudensia akashukuru. Kisha akaanza kueleza habari za mratibu, laptop yake, sherehe, kwaya, na Selestina akasikiliza akiwa anajifuta vidole kimoja kimoja. Maelezo yalifika kwenye kiti cha nyuma ya Revocatus, yakasimama hapo.

"Niliona kabla," Gaudensia alisema. "Ningemzuia. Nilitaka aaibike."

Selestina hakupandisha sauti. Alitundika taulo.

"Mimi nilikuwaga nafikiri huko Musoma vitu vikiharibika ni kwa sababu hamjui," alisema. "Kumbe mnajuaga. Mnakaa tu."

Halafu akamwambia kwamba kioo hakitasaidia mpaka watu wote waandikishwe upya, na kwamba yeye ana wagonjwa. Akamkabidhi rundo la vipande vya boksi, akarudi chumba cha dawa.

Kwa hiyo Gaudensia, ambaye alikuwa ametunga Foleni, alisimama mlangoni akaita foleni kwa mdomo. Mwanamke mmoja alimwambia anaita wenzake wa kabila lake. Mzee wa kidonda aliuliza kama serikali imeishiwa wauguzi mpaka inaleta mtu asiyejua kusoma namba, kwa sababu boksi moja lilikuwa limeshikwa kichwa chini na tisa ikawa sita. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa kambare akasema yeye haendi nyuma ya mtu yeyote. Kwa kila tusi alikuwa na jibu zuri, kali, tayari kabisa kwenye ncha ya ulimi, na kila mara aliangalia benchi la mwisho akalimeza. Alipomaliza kuwaandikisha wote, kioo kikawaka kwenye ukuta, na hakuna aliyekiangalia kwa sababu wengi walikuwa wameshahudumiwa.

Musoma mambo yalikaa sawa, kwa namna ya mambo ya Musoma. Bodi ya chama iliandika kwamba kulitokea hitilafu ya kimtandao. Nywila ikapewa watu watatu, na kazi ya kufunga kontena ikahamishiwa kwenye mashine inayofunga yenyewe, isiyo na uso wa kompyuta wala picha za harusi. Gaudensia aliyasimamia hayo, na yalikuwa mazuri, na alijua yangeweza kufanyika mwaka mmoja kabla kama yeye mwenyewe asingependa sana kuwa mtu asiyeachika.

Revocatus alijificha kwa wiki kadhaa. Kisha ikaonekana kwamba watu waliocheka walikuwa pia wamelijua jina lake, na kujulikana, hata kwa bukta, ni kujulikana. Alialikwa kwenye mkutano kuzungumza juu ya uwazi na ujasiri wa kushindwa. Alirudi na neno jipya. Kwenye kikao cha Jumatatu alimtaja Gaudensia kama mfano wa kiongozi anayewaachia wengine nafasi ya kujifunza kwa makosa yao, akamtazama moja kwa moja machoni. Hakuna mwingine chumbani aliyeelewa. Gaudensia aliinamia daftari lake akaandika tarehe.

Toleo lililofuata lilitoka siku ya kawaida, bila kwaya. Lilikuwa jepesi, limekaguliwa, limewekwa sahihi. Kufikia mchana karibu zahanati zote zilikuwa zimelivuta, Nepali wakiwemo, na hakuna aliyeandika kitu. Isipokuwa Guta. Kwenye orodha ya zahanati, mashine ya Guta ilionekana bado iko kwenye toleo la zamani.

Akampigia Selestina kumuuliza kama kuna tatizo la bando. Selestina alisema hapana, bando lipo. Alikuwa amemwomba fundi mmoja wa Bunda aiondoe mashine kwenye ile lebo, ibaki kwenye toleo linalofanya kazi mpaka yeye mwenyewe aseme. Gaudensia akamweleza kwamba hili jipya limeziba matundu ya usalama, kwamba kubaki nyuma nako kuna hatari yake. Selestina alikubali kwamba huenda ni kweli.

"Lete kwa flashi," alisema. "Uje uliwashe mwenyewe, ukae mpaka jioni tulione. Alhamisi ndiyo siku ya kliniki ya watoto, watu wanakuwaga wengi."

Gaudensia alisema Alhamisi atakuja.